Papa, mdogo wangu anataka tuuze parseli akacheze snuka Uingereza

Papa,

Ninakuandikia usiku, watoto wamelala, kwa sababu mchana simu hii inakaa mkononi mwa yule yule ninayetaka kukueleza habari zake.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninauza unga na samaki wakavu soko ya Kenya (komine yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi). Wazazi walituacha wanne. Huyu wa mwisho ana miaka 22. Mama alipofariki alikuwa na miaka tisa, akabaki mikononi mwangu. Ananiita yaya, ila watu wa mtaani wanajua kuwa mama yake ni mimi. Nilimtafutia mahali pa kujifunza umeme, na leo anafunga nyaya katika nyumba za watu. Si mvivu.

Papa, mtoto huyu ana mkono. Kwenye biliadi za baa, zile meza ndogo, kuanzia Katuba mpaka Kamalondo, anayemjua hakubali tena kucheza naye kwa pesa. Basi anawatafuta wasiomjua. Mchezo wa kwanza anajipotezea, anagonga ovyo, anacheka kama aliyelewa, na chupa aliyoshika ni ya maji. Dau likifika dola 20, anaiweka chupa chini. Siku moja nilimwona kwa macho yangu, nimesimama mlangoni na beseni kichwani. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile ile nikajivuna. Sitakuficha kitu: minervali (ada ya shule) ya watoto wangu wawili mwaka jana ilitoka kwenye pesa hiyo.

Miezi minane iliyopita aliitwa kutengeneza umeme kwenye nyumba ya wageni upande wa Golf. Mwenye nyumba ni mtu wa nje, na kwenye chumba cha nyuma ameweka meza kubwa ya snuka. Mdogo wangu alirudi siku hiyo hakula bukari, aliongea tu. Mwenye meza alimpenda, akamwambia awe anakuja Jumatatu na Jumatano jioni kucheza naye. Tangu hapo ni snuka asubuhi, snuka usiku, video kwenye simu mpaka megabaiti zangu zinaisha.

Sasa amepata mtu kwenye WhatsApp anayesema ni ajenti. Huyo mtu atampatia kadi ya mchezaji wa kulipwa na barua ya viza ya Uingereza kwa dola 3,500, nusu itangulie. Mdogo wangu anataka tuuze parseli ya wazazi, kile kiwanja cha Ruashi. Mnunuzi yuko tayari, ametaja dola 9,000. Kaka yetu wa Likasi anasema tuuze tugawane, kila mtu afe na lake. Dada wa Kolwezi anasema hata kwa dola milioni hapana. Wote wananitazama mimi, kwa sababu karatasi ziko chini ya godoro langu.

Nilimwambia, hakuna Mwafrika aliyewahi kufika huko. Akanijibu kwamba kuna Mbelgiji amekuwa bingwa wa dunia na watu hawakumtegemea, na kuna Mchina ambaye baba yake aliuza nyumba ili mtoto acheze. Kisha akasema, "Yaya, yule baba aliamini. Wewe?" Neno hilo limeniingia kama mwiba, sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nilimuuliza, kwenye meza ile kubwa umewahi kupata pointi ngapi kwa mkupuo mmoja? Akasema 34. Mimi sijui kama 34 ni nyingi au kidogo. Nisaidie.

Yaya wa Kenya, Lubumbashi

*

Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Kabla ya yote, zile dola 1,750 zisitoke. Hata 50 za "kufungua faili" zisitoke, maana akishakosa kubwa ataomba hizo. Kadi ya mchezaji wa kulipwa wa snuka haiuzwi. Hakuna ofisi inayoiuza wala ajenti aliyekabidhiwa kitabu cha kadi. Hupatikana mezani, kwa kumshinda mtu. Kuna mashindano ya mchujo yanaitwa Q School, yalianza 2011. Yeyote anaruhusiwa kujiandikisha, analipa ada kwa waandaaji wenyewe, anakwenda kucheza Uingereza, na tangu 2022 kuna mchujo mwingine Bangkok. Wanafika watu zaidi ya mia kugombea nafasi za kuhesabu kwa vidole. Njia nyingine ni kuwa bingwa wa dunia wa wasiolipwa, au bingwa wa bara lako. Bingwa wa Afrika amewahi kupewa kadi ya miaka miwili, ndivyo walivyoingia watu kama Hatem Yassen wa Misri na Amine Amiri wa Morocco. Kwa hiyo mwambie mdogo wako amuulize yule bwana swali moja tu: nitacheza na nani, mji gani, tarehe gani, ili niipate hiyo kadi? Akianza kuzunguka, mfute kwenye simu.

Na hapo ulipomwambia hakuna Mwafrika, ulikosea, naye hakujua jinsi ya kukusahihisha. Perrie Mans wa Afrika Kusini alicheza fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 1978, akafungwa na Ray Reardon 25 kwa 18. Mwaka uliofuata akachukua kombe la Masters. Ukikataa jambo la kijana kwa sababu isiyo ya kweli, akiigundua atadhani na zile sababu zako za kweli ni uongo.

Sasa hiyo 34. Uliuliza swali ambalo kaka wa Likasi na dada wa Kolwezi hawakuliuliza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko bei ya parseli.

Snuka ina mipira 15 myekundu, kila mmoja pointi 1, na mipira sita ya rangi: njano 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, waridi 6, nyeusi 7. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, wa rangi hurudishwa mezani mpaka wekundu waishe. Ukikosa, unakwenda kukaa. Wekundu wakiwa bado mezani, hata ukichukua nyeusi kila mara, 34 haipatikani bila kuingiza mipira 10 mfululizo. Kwa kijana asiye na mwalimu, anayegusa meza mara mbili kwa wiki, ndani ya miezi minane, hiyo si kidogo. Hukujivuna bure pale mlangoni.

Lakini kwa hesabu hiyo hiyo 50 inataka mipira isiyopungua 14. Mia inataka 26. Kusafisha meza yote kwa nyeusi tupu, ile 147 wanayoiota wote, ni mipira 36. Wachezaji wa kulipwa mia kwao ni kazi ya kila wiki. Ronnie O'Sullivan alivuka mara 1,000 za kufika mia mwaka 2019, tena hizo ni za mashindano tu, mazoezi hayahesabiwi. Mdogo wako yuko kwenye ngazi, ndiyo, ila ngazi yenyewe inafika darini na yeye ameshika kipandio cha pili.

Nikueleze ninavyoijua meza hiyo. Baba yangu alivuka mpaka wa Kasumbalesa akiwa kijana, akapata kazi kwenye klabu ya mgodi mjini Kitwe, Zambia. Wabelgiji wa huku kwetu mchezo wao ulikuwa karambola, meza isiyo na mashimo, mipira mitatu tu. Raymond Ceulemans, bingwa wao mkubwa, alikuwa mtu wa karambola. Waingereza wa upande ule ndio waliokuja na snuka. Kazi ya baba ilikuwa meza. Kila asubuhi aliipiga brashi kutoka upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa mpira mweusi, hakurudisha brashi nyuma hata mara moja, kwa sababu kitambaa kile ni cha sufu na kina manyoya yaliyolala upande mmoja kama ya mbwa. Kisha alikipiga pasi, na mimi nilishika gazeti. Mpira unaokwenda polepole kinyume cha manyoya hupinda. Baba aliniwekea mpira mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, akanipa fimbo, akasema gonga taratibu. Nikaona mpira unanyooka, unanyooka, halafu kwenye hatua ya mwisho unakunja kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Meza hiyo ni karibu mita 3.6 kwa 1.8. Ya baa urefu wake ni mita mbili na kidogo. Tena kwenye baa mashimo yana huruma: mpira ukigusa ukingo unatumbukia. Kwenye snuka midomo ya mashimo imepindwa mviringo, ukiugusa ukingo kwa nguvu unatema mpira nje kama mtoto anayekataa dawa. Ndiyo maana bingwa wa Katuba akifika meza kubwa hujiona kama mtu aliyesahau kutembea. Mdogo wako amepita aibu hiyo na hakukimbia, nami nampa heshima yake kwa hilo.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu nina shaka kwamba kichwani mwake anaona mshahara.

Snuka haina mshahara. Mchezaji wa kulipwa analipwa akishinda. Kwa desturi ya mashindano yao mengi, anayetolewa raundi ya kwanza anaondoka na sifuri, na tiketi ya ndege, hoteli na chakula alilipa mwenyewe. Leo yuko Uingereza, wiki mbili mbele yuko Ujerumani, halafu China. Wako zaidi kidogo ya 120 kwenye ziara hiyo. Kadi ni ya miaka miwili. Ikiisha hujaingia kwenye 64 bora, kwa kawaida unarudi kwenye mchujo na wale wanaoanza. Na ubora huo unapimwa kwa pesa ulizoshinda ndani ya miaka miwili, kwa hiyo anayekosa pesa ndiye anayekosa nafasi. Tangu msimu wa 2022/23 waliwekewa uhakika wa pauni 20,000 kwa msimu. Ukishinda pungufu ya hapo unajaziwa mpaka zifike, haziongezwi juu ya ulizoshinda. Kwa mtu wa Kenya zinasikika kama utajiri. Toa kodi ya nyumba Sheffield (huko ndiko wageni wengi wanakokaa, karibu na meza za mazoezi), toa ndege, toa hoteli, toa meza ya kukodi, kisha niambie zimebaki za kutuma nyumbani.

Bingwa wa dunia, ndiyo, anabeba pauni 500,000. Joe Davis, bingwa wa kwanza kabisa mwaka 1927, alipata pauni sita na nusu. Katikati ya bingwa na wa mwisho kuna watu wengi ambao majina yao hayaingii kwenye video anazokula megabaiti zako kuzitazama.

Sasa mwiba wako, ule wa baba Mchina. Ni kweli inasimuliwa kwamba wazazi wa Ding Junhui waliuza nyumba ili mtoto afanye mazoezi. Lakini tazama waliiuza kwa ajili ya nini: meza, kila siku, tangu mtoto mdogo, katika nchi yenye walimu na vilabu. Hawakumlipa mtu wa simu. Ding alishinda China Open mwaka 2005 akiwa na miaka 18 tu. Na baada ya yote hayo, alipofika fainali ya dunia mwaka 2016, alifungwa na Mark Selby 18 kwa 14. Baba yake unamjua kwa sababu mtoto alishinda. Wako akina baba wengine waliouza, na mtoto akarudi na begi, ila hawakutengenezewa video.

Na yule Mbelgiji, Luca Brecel, wa mwaka 2023. "Hawakumtegemea" ni kweli nusu. Alipata kadi akiwa na miaka 16. Akiwa na miaka 17 alicheza Crucible, ule ukumbi wa Sheffield ambako ubingwa wa dunia unafanyika tangu 1977, na hakuna mdogo kuliko yeye aliyekuwa amecheza humo. Akapoteza. Akarudi, akapoteza. Mara tano alikwenda Crucible bila kushinda hata mechi moja, mpaka mwaka ule aliochukua kombe. Miaka kumi na moja, mama, na nyumbani kwao anafika kwa treni.

Kuna jambo moja uliliandika kama sifa, nami lilinisimamisha: chupa ya maji.

Sikuhukumu kwa minervali. Nimeona watu wa heshima wakila vibaya kuliko hivyo. Ila mdogo wako anajifunza kupoteza kwa makusudi ili dau lipande, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi anayoitaka. Mchezaji wa kulipwa haruhusiwi kubashiri mechi ya snuka hata moja, yake au ya mwingine. Mwaka 2023 Wachina kumi walifungiwa kwa mambo hayo. Wawili, Liang Wenbo na Li Hang, maisha. Yan Bingtao, aliyekuwa bingwa wa Masters wa 2021, miaka mitano. Zhao Xintong hakuuza mechi yake, ila alihusika na jambo la mwenzake na alibashiri, akakaa nje miezi 20. Alirudi bila kadi, akapita kwenye mchujo, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia kwa kumfunga Mark Williams 18 kwa 12. Mdogo wako ataifurahia hiyo sehemu ya mwisho. Msomee na ya kwanza.

Tena kuna hatari isiyo ya sheria. Siku atakapomficha mkono mchimbaji aliyetoka Kolwezi na pesa ya wiki mbili mfukoni, na mchimbaji huyo ana rafiki zake watatu, hataulizwa kuhusu kanuni za snuka. Hilo nadhani ndilo unaloliogopa usiku, ila hukuliandika.

Parseli isiuzwe. Si kwa sababu mtoto hana mkono. Ni ya wanne, na hakuna kitu cha kuinunulia: kadi haiuzwi, na Q School leo angekwenda kulipa ada, ndege ya Kinshasa kwenye viza (pesa ya viza hairudi ukinyimwa), ndege ya Ulaya, hoteli, ili afungwe mechi ya kwanza na mtu anayepata 70 huku anafikiria chakula cha jioni. Mkaribishe kaka wa Likasi na dada wa Kolwezi, nunua kuku, waambieni hivyo mbele yake. Karatasi zitoe chini ya godoro. Mpe dada wa Kolwezi akae nazo, maana yeye ndiye asiyelainika. Wewe utalainika. Mtu aliyesimama mlangoni na beseni kichwani akatazama mpaka mwisho wa mchezo, mimi namjua.

Kwake yeye usiseme "siamini." Mwambie hivi: nakudai hesabu. Mnunulie daftari la kurasa 96. Kila Jumatatu na Jumatano, kabla ya kucheza na mwenye nyumba, apange wekundu wote 15 kwenye mstari mmoja katikati ya meza, mipira ya rangi mahali pake, aanze: mwekundu, rangi, mwekundu, rangi, mpaka akose. Aandike ameishia mpira wa ngapi. Mara kumi kila jioni. Halafu aweke mpira mmoja mbali, anyooshe kwenye shimo la kona, mara 20, aandike ameingiza mingapi. Asiandike ile bora tu. Aandike zote, hasa zile mbaya, na wewe Jumamosi ukae nazo, hata kama hujui snuka. Wewe unajua hesabu za unga, hizi ni rahisi zaidi.

Baada ya miezi sita mtakuwa na kitu cha kuzungumzia. Kama kwenye mchezo wa kweli 50 inakuja mara moja moja kila jioni, na 34 imekuwa jambo la kawaida, basi atafute pasipoti au lese-pase (kibali cha kuvuka mpaka), avuke Kasumbalesa, akacheze na watu wa Copperbelt waliokulia kwenye meza kubwa. Nauli ya basi siku mbili, si parseli. Akifungwa huko atajua amefungwa na nini. Akishinda huko, mlango unaofuata ni wa Afrika, na huko mchezaji huingia kwa jina la nchi yake. Kwa hiyo abishe hodi divisheni ya michezo ya jimbo, kwa barua yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri, aulize ni nani anayepeleka majina ya biliadi na snuka. Hatua hizo zote kwa pamoja hazifiki nusu ya nusu ya dola 3,500, tena hata zikifeli zinamwachia kitu.

Kama miezi sita ikipita na daftari linasema 34, 29, 31, 34, atajionea mwenyewe, wewe hutahitaji kuwa mtu mbaya. Simaanishi aache. Umri wa miaka 22 si mwisho wa mchezo huu, Williams alicheza ile fainali ya 2025 akiwa na miaka 50. Ila wengi wanaofika juu walishika fimbo kabla ya kuota ndevu, na mtu mzima anapaswa kulijua hilo akiwa bado na kazi ya umeme mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo ninyi wote wanne hamjaliona, labda kwa sababu liko karibu mno. Hesabu meza za biliadi kuanzia soko ya Kenya mpaka mwisho wa Katuba. Ngapi kitambaa chake kimechanika? Ngapi zimeinama upande mmoja, mpaka mpira unatembea wenyewe? Fimbo ngapi hazina ngozi kwenye ncha? Nani anazitengeneza? Kijana anayejua vipimo, anayejua kutumia timazi, mwenye mkono mwepesi na vifaa vya fundi tayari kwenye begi, anaweza kujifunza kuvua kitambaa cha zamani, kunyoosha kipya, kukivuta sawasawa kwenye kingo. Baba yangu hakuwahi kufika mia. Sidhani kama alifika hata 40. Alitusomesha sita kwa brashi na pasi, na wazungu waliokuwa wanapiga mia walimwomba ruhusa kabla ya kuanza mchezo.

Aanze na ile meza ya Golf. Mwenyewe akiiona inatunzwa atampa siku ya tatu, pengine ya nne, na siku hizo ndizo anazohitaji kuliko Uingereza. Aombe brashi, apige kuelekea upande wa mpira mweusi, asirudishe nyuma. Kuhusu pasi, isiwe ya mvuke, maji yataua kitambaa. Aipashe, aiweke kwanza juu ya gazeti kwa muda mfupi. Gazeti likibadilika rangi, asubiri.